Farasi Hakulisoma Tangazo

Faridi mwanangu,

Mdogo wangu Idi alikufa kwa surua nikiwa na miaka saba, na babu yako hakumzika. Alikuwa Gilgil, ameshika kamba ya farasi wa mtu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanza kwingine najikuta nakuandikia habari za soksi za pamba na dawa ya kikohozi, na hivyo vyote vimo sandukuni, nimevipanga kwa mikono yangu na nimepima sanduku mara mbili. Ya sanduku tumeyamaliza.

Utajiuliza Mama anaandika nini na ukuta mmoja tu ndio unaotutenga. Ndiyo hivyo. Kwa mdomo tumeshindwana. Nikikusemesha unanijibu kwa Kiingereza, tena kifupi, unaosha kikombe chako, unapanda ngazi. Karatasi haipandi ngazi. Soma polepole, Kiswahili chako cha kusoma kinachechemea lakini kinafika.

Babu yako unamjua kwa ile picha ya sebuleni, mzee wa kofia ya viua amekaa barazani kwetu Bondeni, Nakuru. Kazi yake sijawahi kukueleza sawasawa. Shuleni kwako walipotaka mchoro wa ukoo nilikwambia andika mkulima. Hakulima hata mchicha. Alikuwa saisi, mtunza farasi, kwa mlowezi mmoja upande wa Njoro, katika miaka ile ukoloni ulipokuwa unaelekea ukingoni na wenyewe wakijifanya hawajui.

Mlowezi huyo alikuwa na farasi dume wa mbio, wa damu safi, aliyeletwa kwa meli kutoka hukuhuku Uingereza. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu kama treni ya mizigo, kwa hiyo masaisi wakamwita Nasaba, maana pale shambani hapakuwa na binadamu ambaye ukoo wake umeandikwa kama wa mnyama yule. Mbio alikuwa ameshaacha. Kazi iliyobaki ilikuwa kupandisha farasi majike wa walowezi wengine, kwa ada. Na ili watu wajue yupo, mwenyewe alitoa tangazo gazetini kabla ya kila msimu: picha ya farasi amesimama upande, kimo chake, rangi yake, baba yake, mama yake, babu mzaa mama, mbio alizoshinda, ada yake, na siku atakazofika katika kila shamba kutoka Njoro mpaka Naivasha. Farasi yule hakupanda gari. Alitembezwa kwa miguu, shamba kwa shamba, na wa kumtembeza alikuwa babu yako.

Kiingereza hakukijua, lakini tangazo lile alilihifadhi lote. Karani wa shamba alimsomea mpaka likamkaa kichwani, kama mtoto wa chuoni anavyoshika sura kabla hajajua maana. Usiku akitulaza, mimi na Idi, alitusomea hilo. Watoto wa jirani walilala na hadithi za sungura na fisi, sisi tulilala na farasi. Sauti ilipanda kwenye jina la baba yake farasi na kushuka taratibu kwenye ada. Idi alikuwa akidakia mwisho wa kila mstari kwa Kiingereza ambacho hakikuwa Kiingereza, na babu yako akicheka mpaka akakohoa.

Maana yake nilikuja kuijua hapa London. Nilikuwa kwenye basi alfajiri naenda kusafisha ofisi, nimeshasoma Kiingereza cha jioni karibu mwaka mzima, maneno yale yakaanza kufunguka moja baada ya jingine. Kimo. Kahawia iliyokoza. Mtoto wa fulani aliyezaliwa na fulani. Nikagundua kuwa wimbo wangu wa kubembelezwa ulikuwa tangazo la kupandisha farasi. Nilicheka peke yangu hadi mama mmoja akahama kiti. Kisha mstari wa mwisho nao ukafunguka. Ulisema kwamba farasi ataongozwa na saisi mwenyeji, mtu wa kutegemewa. Basi. Farasi katajwa mpaka babu wa babu yake, na babu yako katajwa kwa sifa moja, bila jina.

Mstari huo ndio pekee ambao karani alimfasiria. Alimwambia, "Hapa umeandikwa wewe, Salehe. Mtu wa kutegemewa." Bibi yako alisema siku hiyo mumewe alirudi nyumbani anatembea kama aliyepewa cheo.

Sasa sikiliza ya Gilgil.

Idi alianza kuumwa babu yako akiwa ameshatoka na farasi. Mwanzo homa, kisha vipele, kisha macho hayafunguki. Mjomba wetu alikuwa akifanya kazi relini, na treni ikipita Gilgil. Bibi yako akamtuma: mwambie mtoto ana surua na hali yake si nzuri, aje. Mjomba akamkuta babu yako jioni kwenye zizi la shamba moja pale, anamkuna Nasaba shingo. Akampa ujumbe wote. Treni ya kurudi Nakuru ilikuwa usiku uleule, nafasi ilikuwapo, mjomba mwenyewe angempakia. Na pale zizini kulikuwa na masaisi wengine wawili wenye akili zao ambao wangeweza kushika kamba siku mbili.

Babu yako akasema, "Siwezi. Tangazo limeshatoka."

Mjomba alidhani hakusikia vizuri. Akarudia, mtoto hafungui macho. Babu yako akasema kesho farasi anatarajiwa pale, keshokutwa Naivasha, watu wameshasoma, wanakuja na majike wao kutoka mbali, na imeandikwa atakayekuwa naye ni yeye. Mjomba akapanda treni peke yake. Idi alikufa alfajiri, akazikwa alasiri ya siku ileile, kama ilivyo ada yetu.

Alasiri hiyohiyo, huko Gilgil, walowezi walikuwa wamekusanyika uani na vikombe vya chai mkononi. Jike ameletwa, ameoshwa, yuko tayari. Nasaba akatolewa. Akamtazama jike, akageuza kichwa, akaanza kula majani ya ukutani. Wakamrudisha, wakamleta tena. Hataki. Wakamleta jike mwingine. Hataki. Mwenye shamba akapandwa na hasira, akamuuliza babu yako farasi ana nini, ada imeshalipwa. Babu yako alimjibu neno moja, "Hataki," kisha akaongeza kwa sauti ya chini ambayo masaisi wote waliisikia, "Tangazo limetoka, bwana, lakini farasi hakulisoma."

Hadithi hiyo aliisimulia maisha yake yote. Harusini, barazani, hata hospitalini siku zake za mwisho, na manesi wakacheka. Nami nilicheka nao miaka mingi. Hakuna aliyemsikia akitaja Idi ndani yake. Ni mimi, na ugonjwa wangu huu wa hesabu, niliyekuja kupanga siku moja baada ya nyingine kama ninavyopanga ratiba ya wafanyakazi, nikaona kwamba farasi alikataa saa zilezile mwanawe akishushwa kaburini. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa jikoni hapahapa, wewe unafanya kazi ya shule mezani. Uliniuliza, labda unakumbuka, kwa nini nimeacha chakula kinaungua. Nilikwambia nimechoka. Kumbe nilikuwa nimeona kwamba katika msafara ule wote aliyekuwa huru kusema sitaki alikuwa farasi.

Na lililonikaba zaidi ni hili. Babu yako aliporudi Njoro, mlowezi alimwita kumpa pole. Akamwambia kwa Kiswahili chao kile cha jikoni, "Wewe hapana sema kwa nini? Mimi tapeleka saisi ingine." Unaona? Hakuna aliyemfunga. Mzungu tunaweza kumlaumu kwa mengi, na mimi nitamlaumu ukinipa nafasi, kuanzia mshahara mpaka kibanda walichokaa. Lakini usiku ule mlango ulikuwa wazi. Aliyeufunga ni babu yako mwenyewe, kwa neno alilofasiriwa na karani.

Bibi yako hakupiga kelele. Alimwandalia chakula, akamwekea maji ya kunawa, akamwambia, "Farasi alikuwa na tangazo. Mwanangu hakuwa nalo." Kisha akaishi naye miaka mingine thelathini na kitu, na sikumbuki wakigombana. Ungewaona ungesema wametulia.

Sikuandikii haya ili umhukumu babu yako. Nakuandikia kwa sababu maneno yake hayakuzikwa naye.

Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya kusomea uuguzi Nairobi. Barua ilifika kadi za harusi yangu na baba yako zimeshagawiwa, na mchele wa walima umeshanunuliwa, magunia yamepangwa ukumbini na mimi ndiye niliyeyahesabu. Nikaenda kwa babu yako na barua mkononi. Nilijua alinipenda kuliko wanawe wote. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia. Akasema, "Tangazo limeshatoka, mwanangu," na machozi yalikuwa yanamlengalenga, wala hakuyafuta. Nikaolewa Ijumaa.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, ningepata wa kumsema. Alikuwa mpole, alinileta London, aliendesha basi lake, alikuwa akininunulia viazi vya kuchoma Edmonton Green kila siku ya mshahara. Nami nilikuwa nikimwangalia akila na kufikiri, mtu huyu hajawahi kujua kama nilikuja kwa miguu yangu au nililetwa kwa kamba. Hakuniuliza. Labda aliogopa jibu. Nafikiri aliishi na mimi kama mtu anayekaa nyumba ya kupanga, hapigi msumari ukutani. Hilo ndilo nililomfanyia mtu mwema, na sikumfanyia kwa kukataa, nilimfanyia kwa kukubali.

Yaliyofuata unayajua. Nilifuta sakafu za ofisi, nikaosha wazee wa watu ambao walikuwa hawataki niwashike, nikawapangia mabosi ratiba zao bure kwa sababu wao hesabu zinawashinda, mpaka nikachoka kuwatajirisha. Nikaanza kampuni ya kutunza wazee, na wanawake wawili na simu moja. Sasa tuna walezi arobaini na moja kati ya Edmonton na Tottenham, na hakuna benki iliyonisaidia, wala ndugu wa baba yako waliokuja kula pilau kila sikukuu na kuniuliza kama bado naosha wazungu. Nilijijenga mwenyewe. Nalisema bila haya.

Na katika kampuni ile niliweka sharti moja ambalo wahasibu wote wameniambia ni upumbavu, ukiwemo wewe. Mlezi yeyote akiwa na maziko au mtoto mgonjwa, anapiga simu, anakwenda. Haombi. Asipopatikana wa kushika zamu yake, naishika mimi. Umewahi kuniona nikitoka na aproni saa ya futari, ukaninung'unikia kwamba bosi gani huyu. Sikukueleza. Nilikuwa nashika kamba ya farasi ili mtu apande treni. Nilidhani kwa njia hiyo nimelipa, nimemaliza, jambo la Gilgil limefungwa.

Walezi arobaini na moja niliwawekea mlango. Wewe sikukuwekea.

Mwaka jana ulipata chumba cha kupanga Kilburn, hapahapa London. Ulikuja umefurahi, nilikuona kwa mabega. Chumba kidogo juu ya duka la simu, unashirikiana jiko na rafiki yako, na dirisha linatazama barabara kuu. Ulinionyesha picha. Nami nikafanya nini? Nikapiga hesabu. Nikakwambia kodi ile kwa mwaka ni sawa na nini, na nyumba hii ina vyumba vitatu na watu wawili. Ulipoendelea kusimama pale, nikashika kichwa nikasema presha. Presha ilikuwapo, sikudanganya, lakini niliitoa kama mtu anavyotoa kitambulisho mlangoni. Ukapiga simu ukaacha chumba. Kuanzia hapo ndipo ulipoanza kuosha vikombe.

Nikakuona umenyamaza, nikasema dawa ni mke. Nikampigia Bi Zuhura wa Harrow.

Bi Zuhura ana kundi lake kwenye simu, la wazazi, Mombasa, Nairobi, Unguja, Leicester, Toronto, mpaka Maskati. Watu wanaleta wasifu wa vijana wao, yeye anaupanga. Akaniambia, "Shoga yangu, andika kifupi, watu hawasomi siku hizi. Na picha nataka ya kusimama, tena ya upande kidogo, waone umbo." Nikakusimamisha kando ya gari, nikakwambia ni ya bima. Kisha nikaandika. Nakumbuka neno kwa neno, maana nililifuta na kuliandika tena usiku mzima: kijana wa miaka ishirini na tisa, futi sita kasoro inchi moja, mhasibu, pasi ya Uingereza, kwa mama ni Bondeni Nakuru na kwa baba ni Lamu, havuti, hana deni, mtiifu kwa wazazi.

Nilibonyeza, likaenda. Nikajisikia hodari. Faridi, mimi niliyelala utotoni kwa tangazo la farasi, niliyelijua mpaka lilivyopanda na kushuka, niliandika lile langu na masikio yangu hayakusikia kitu. Picha ya upande, kimo, ukoo wa baba na wa mama. Na mwishoni neno moja la sifa, lile litakalokushika.

Majibu yakaja kama mvua za Njoro. Tukachagua, mimi na Bi Zuhura, na wewe ukikubali kwa kichwa. Familia ya Rukia huko Nairobi ni watu wazuri. Baba mtu ana maduka ya marumaru, anataka mkwe wa kushika vitabu vya biashara, nyumba ipo, ukumbi umekodishwa, Ijumaa ijayo ndiyo nikahi. Nimewatangazia watu msikitini, nimewatangazia walezi wangu, nimewatangazia hata ndugu wa baba yako, hasa wao.

Wiki iliyopita, ulipokuwa unajaribu kanzu mbele ya kioo, nilikuuliza kama mabega yanabana. Ulisema, "Fine, Mum." Nikakuuliza, na mengine? Nilikuuliza kwa mzaha, nilitaka uniambie una hofu kidogo kama bwana harusi yeyote, nikucheke. Ukanitazama kwenye kioo, hukugeuka. Ukanijibu kwa Kiswahili, wewe ambaye hujanijibu kwa Kiswahili mwaka mzima.

"Si kitu, Mama. Watu wameshaambiwa."

Nilishika mlango. Hukuona, ulikuwa unavua kanzu.

Hujawahi kumsikia babu yako akisema maneno yake. Alikufa hujazaliwa. Mimi mbele yako sijayasema hata mara moja, nilikuwa mwangalifu kama mtu anayeficha wembe. Umeyapata wapi? Nimezunguka na swali hilo siku zote hizi, nikipanga zamu, nikipanga soksi. Nadhani si lazima yasemwe ndipo yashikwe. Yanaonekana katika namna mtu anavyoosha kikombe.

Ningeweza bado kunyamaza. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Mimi nataka uende. Nisikudanganye kwenye karatasi hii. Nampenda msichana yule, nataka wajukuu, nataka siku moja kukaa kwenye kiti cha plastiki Nairobi na watu wakiniita mama bwana harusi. Nikifikiria kupiga simu ya kusema haiwezekani, naigeuza simu kifudifudi. Nikifikiria ubaki, tunabaki sisi wawili na vyumba vitatu na vikombe vyako. Nikifikiria uende hivyo, namwona baba yako na viazi vyake. Kila mlango ninaoushika ni mimi niliyeupigilia misumari.

Kilichonivunja ni Rukia. Alinipigia jana. Tulizungumza habari za nguo, za mashangazi. Kisha akaniuliza, "Mama, Faridi huwa anacheka?"

Nikamwambia kila mtu anacheka.

"Mimi sijamsikia. Namuuliza, ananijibu nilichouliza. Ananijibu vizuri, Mama, sisemi vibaya. Lakini ni kama mtu anayejaza fomu."

Nikamuuliza, na wewe, mwanangu, unasemaje? Sauti yake ilishuka, akaona haya. Akasema, "Mimi namtaka. Ndiyo maana nauliza."

Basi yuko mtoto wa watu huko, ana miaka ishirini na sita, anafundisha watoto kusoma, anakutaka kweli, na mimi namletea mume ambaye yeye Rukia hatajua kamwe kama alikuja kwa miguu yake. Baba yako nilimfanyia hivyo bila kujua. Yeye nitakuwa nimemfanyia nikijua. Sikuweza, Faridi. Nimefanya mengi kwa watu kwa ajili yako na sikujali, lakini hili limenishinda.

Sasa tuje kwenye hasara, kwa sababu najua akili yako, ni yangu. Utataka kujua kuvunja jambo hili ni kiasi gani: ukumbi, tiketi, mahari, ng'ombe aliyeshalipiwa, watu wanaotoka Mombasa. Hesabu hiyo nimeshaipiga. Iko kichwani mwangu mpaka senti, na sitakuandikia. Ni mara ya kwanza maishani nakunyima tarakimu. Ukiiona utakwenda, na utakuwa umekwenda kwa ajili yake. Kodi ya Kilburn nilikutajia kwa mwaka ili ikutishe. Hii nakuficha ili isikutishe. Uniruhusu nirekebishe kosa moja kwa njia ninayoijua.

Wala aibu usinibebee. Watasema, najua watakavyosema, naweza kukuandikia na majina. Bi Zuhura atanitoa kwenye kundi. Ndugu wa baba yako watakula pilau mara mbili kwa furaha. Nimekula maneno mabaya kuliko hayo kwenye nyumba za wazee niliokuwa nawavalisha nguo, na kesho yake nikarudi kazini. Nina tumbo la kuyahifadhi.

Na usinipe jibu la kunifurahisha. Hilo la mtiifu kwa wazazi nalifuta, nililiandika mimi na nina haki ya kulifuta. Ukienda, nenda kwa kuwa unamtaka msichana yule au kwa kuwa unataka kumjua, hata hiyo inatosha, watu wengi wameanzia hapo. Mwambie hivyo wewe mwenyewe kwa mdomo wako, na umchekee. Ukibaki, hutabaki chumba cha nyuma. Utatafuta chumba, Kilburn au popote, na safari hii nitakuja kukusaidia kubeba godoro na nitakaa kimya kuhusu kodi. Nitajaribu.

Nilimuuliza babu yako mara moja, alipokuwa mzee sana, kama Nasaba aliadhibiwa kwa kukataa kule Gilgil. Nilitaka kuchokoza kile kisa cha kuchekesha. Safari hii hakucheka. Alisema hapana, walimrudisha zizini tu, wakampa shayiri, wakamsubiri. Akaongeza, "Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hawezi kukataa."

Mimi nakwambia. Unaweza. Nilipaswa kukwambia siku ile unanionyesha picha ya dirisha.

Teksi inakuja saa kumi na moja alfajiri. Karatasi hii naisukuma chini ya mlango wako sasa, taa yako bado inawaka. Nitakuwa jikoni, simu iko mezani, ina chaji, na Nairobi wakati huo kutakuwa kumekucha. Ukija na neno la kwenda, nitakushikia sanduku mpaka garini. Ukija na la kubaki, namba ya baba yake Rukia nitaipiga mimi, kwa jina langu, kabla dereva hajapiga honi, na hutasimama karibu.

Kichwa usitikise. "Fine" sitaki kuisikia. Kikombe usishike. Njoo chini kabla ya saa kumi na moja uniambie kwa Kiswahili, nikuone uso: nataka, au sitaki?

Mama yako